Bonge la Mwisho la Chumvi Yako

Mabukwe,

Wewe ni mwongo. Nimeanza na hilo ili lisinikwame kooni nikafa nalo. Miaka yote niliyokaa jikoni kwako uliniambia mkono wangu mzito, kwamba chumvi ya mafunjo hainikubali, na mimi nikaamini nikanyamaza kama gunia. Sasa nimejua. Wala usijifanye hunisikii kwa kuwa uko chini. Ulipokuwa juu pia ulikuwa unajifanya hunisikii.

Ni mimi Anastazia, mkaza mwana wako, mke wa Yoswa wako. Yule binti uliyempokea akitoka ng'ambo ya mpaka na kanga moja na kikohozi, ukamtazama miguu kwanza, halafu ukasema, "Angalau ana nyayo za kulima." Nakuandikia kwenye daftari la Yunia, mjukuu wangu, kitukuu chako. Ulimwacha ananyonya, sasa yuko darasa la tano na ana maswali kuliko karani wa kijiji. Herufi zangu unazijua, moja inapanda nyingine inashuka, maana shule nilifika darasa la tatu tu. Vumilia. Na mimi nilikuvumilia.

Habari za hapa Murungu: nyumba yako tumeezeka bati, na wewe uliapa bati halitaingia. Mvua ikinyesha hatusikilizani, hilo ulikuwa na haki. Mhogo ulipata ugonjwa tukang'oa wote, tukapanda mbegu mpya, umekubali. Yoswa miguu inamuuma, anakaa nje kwenye kigoda anapiga soga na kila apitaye njiani. Mwanetu yuko Kasulu mjini anajenga nyumba za watu, anarudi mwisho wa mwezi. Mkewe Leokadia, mama yake Yunia, yule tuliyemtoa Kitanga, ndiye tunayeshinda naye shambani. Hajambo. Mkimya mno, ila hajambo.

Sasa nisikilize.

Ulipokufa uliacha mabonge manne ya chumvi, yamefungwa kwa magome makavu ya mgomba, yamening'inia juu ya moto ili yasilie maji masika yakija. Matatu tuliyala kwenye msiba wako na kwenye ubatizo wa Yunia. La nne nililikataza. Hata Yoswa alipougua akataka maharage "ya mama", nilimnyima. Nilikuwa napita chini yake kila asubuhi nikifuata kuni, nalitazama, nasema hapo ndipo Mabukwe alipo. Maana mwenzangu, hakuna tena hapa kijijini apikaye chumvi hiyo. Wewe umekufa, na mimi mkono wangu mzito. Lile bonge likiisha, basi imekwisha.

Siku moja nikatoka shambani, nikakuta magome yako chini, matupu. Yunia amechuchumaa mbele ya sufuria yenye maji, anakoroga na mwiko. Nikauliza bonge liko wapi. Akaonyesha maji.

Sitakuficha, nilichukua fimbo. Nilimwambia maneno ambayo mtu hasemi akiwa ametoka kanisani jana yake. Leokadia akaja mbio kutoka uani, akasimama katikati yetu. Na Yunia, ambaye ana kichwa chako kabisa, hakukimbia. Alilia, lakini alilia huku anaeleza. Mwalimu amewaagiza kila mtu atafute kitu cha nyumbani, aseme kama ni dutu halisi au mchanganyiko, na kama ni mchanganyiko autenganishe. Kwa nini chumvi ya marehemu? Kwa sababu wenzake wote watapeleka mchanga na maharage.

Halafu akasema neno ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani. Akasema, "Bibi, haijapotea. Imo humo ndani, ila huioni."

Nikachovya kidole. Mabukwe, ulikuwa humo. Ladha yako nzima, ukali wako wote, ndani ya maji yaliyokaa kama hayana kitu. Nikaweka fimbo chini. Nikamwambia haya, kama imo, itoe. Na isipotoka, utajitafutia mama mwingine wa kukuzaa.

Tulichuja kwanza kwa kipande cha kitenge kuukuu. Hiyo kazi naijua kuliko mwalimu wake. Si ndivyo tulivyofanya wewe na mimi, majivu ya mafunjo ndani ya chungu kilichotobolewa, maji juu, tunangoja yadondoke? Kwenye kitenge zikabaki chembe za mkaa, kijiti, na mchanga. Nikamwambia ona, uchafu tumeutoa, sasa hayo maji ni halisi. Akanicheka. Machozi bado yako shavuni, ananicheka.

Basi akanifundisha, mimi, kwenye jiko langu. Dutu, anasema, ni kitu tu. Nikamuuliza kwa nini basi wasiseme kitu. Hakujua. Mimi naona dutu ni kitu kilichovishwa viatu vya kwenda shule. Sasa hiyo dutu halisi ni kitu kimoja peke yake, tangu juu hadi chini. Ukikivunja vipande mia, kila kipande ni kilekile, hakuna mgeni ndani. Kama sukari. Kama ule waya mwekundu wa shaba ambao mafundi huuchuna. Na mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vilivyokaa pamoja, lakini kila kimoja kimeshika tabia yake, na ukijua njia unaweza kuvitenga. Nikamwambia huo naujua, ni mama mkwe na mkaza mwana kwenye jiko moja. Leokadia aligeuka upande akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

Kuna mchanganyiko unaouona kwa macho, kama maharage na mahindi kwenye ungo, unachagua kwa mkono. Kuna usiouona, na huo ndio hatari. Chai ni mchanganyiko. Maziwa ni mchanganyiko. Hapo nilibisha. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa hayo hayo, nani ameyachanganya? Yunia akasema, "Yakilala, si mafuta yanapanda juu? Nani aliyatia?" Miaka yote natoa siagi, sijawahi kujiuliza mafuta yalikuwa yamekaa wapi kabla hayajapanda.

Tangu siku hiyo situlii, Mabukwe. Nanusa, nafunua, nauliza. Hewa nayo mchanganyiko. Udongo mchanganyiko. Nilimuuliza na mtu je? Akasema mtu ndiyo usiseme. Hata pakiti ya chumvi ya dukani si kitu kimoja. Amenisomea maandishi yake, wametia madini joto ili watu wasiote uvimbe shingoni. Nikauliza maji ya chemchemi yetu, yale ambayo wageni wanayasifu. Akayachemsha kwenye sufuria, akaifunika, akangoja, akageuza mfuniko, akanipa yale matone yaliyoshika chini yake. Hayo, anasema, ndiyo yanakaribia kuwa maji peke yake. Chumvi za mawe hazipandi na mvuke, zinabaki chini. Nikaonja. Hayana ladha yoyote. Kumbe utamu wa chemchemi ni mawe yaliyoyeyuka humo! Tumekunywa mawe miaka yote na kusifu maji.

Sasa ndipo ninapofika kwako.

Yale maji ya bonge lako tuliyachemsha mpaka yakabaki kidogo. Bado yanatokota, nikaona vijiwe vidogo vyeupe vinashuka chini. Mimi sina subira, unanijua. Nikavichota na kijiko vikiwa moto nikaonja. Yunia akapiga kelele kwamba mwalimu amekataza kuonja, vitu vya majaribio havionjwi. Nikamwambia mwalimu hakuolewa katika nyumba hii. Nikaonja tena.

Ilikuwa chumvi ya dukani, Mabukwe. Ile ya Uvinza, kabisa kabisa. Ladha safi, imenyooka, haina uchungu.

Yale maji yaliyobaki nikayamimina kwenye sahani, tukaiweka dirishani ipoe. Yalipopoa vikatoka vijiwe vingine, vyembamba zaidi. Nikaonja: vichungu, vinakaa nyuma ya ulimi. Hiyo naijua kama jina langu. Ndiyo chumvi ya mafunjo, ndiyo niliyokuwa natoa mimi. Na juu ya hivyo kukabaki maji kidogo yasiyotaka kukauka, yanateleza kidoleni kama sabuni. Hayo ndiyo yanayolainisha maharage.

Yunia akaruka. Vitatu, Bibi, vitatu ndani ya bonge moja! Alikimbia kutafuta karatasi za kufungia apeleke shule. Mimi nilikaa pale pale kwenye kinu nilichokigeuza kiti. Nilikuwa natafuta ni siku ngapi nimelia kwa sababu ya chumvi hiyo.

Maana kumbuka jinsi ulivyofanya. Mimi nakata mafunjo bondeni, maji ya kiunoni. Mimi nabeba, mimi naanika, tunachoma pamoja, tunachuja pamoja. Ikifika kuchemsha kwa mwisho, unanituma. Nenda kachote maji. Nenda kaangalie mbuzi. Nenda kwa jirani kaulize kitu nisichokumbuka hata leo. Nikirudi, bonge limekaa, limeiva, tamu. Siku ukiniachia nipike peke yangu, inatoka chungu. Unaionja mbele ya wanawake wenzako, unatema pembeni, unasema, "Mkono mzito." Mara moja tu kwa mwaka ulisema, lakini mwaka mzima niliibeba. Na Yoswa akila yangu anasema haijafika.

Lakini sikutaka kukuhukumu bure. Nikajiambia, pengine mafunjo yenyewe yana chumvi mbili ndani. Nani ajuaye? Sisi tulikuwa hatutengi. Tulikuwa tunakausha yote kwa pamoja. Nikamuuliza Yunia utajuaje kama kitu kimetiwa au kilikuwamo tangu mwanzo. Akafikiri, akasema tufanye nyingine, mafunjo tu, tuone.

Basi tulishuka bondeni mimi na yeye. Magoti yangu yalinitukana njia nzima. Tulikata, tukaanika mpaka yakakatika kwa sauti, tukachoma juu ya jiwe lililofagiwa ili udongo usiingie. Chungu chako cha kutobolewa nilikitoa stoo, kuku alikuwa anatagia humo. Tukachuja mara mbili. Nikachemsha mwenyewe, na safari hii hakuna wa kunituma popote. Nilikodolea macho sufuria ile kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Maji yakapungua, yakapungua. Vijiwe vya moto vilishuka kidogo tu, hata ncha ya kijiko havikujaza. Yaliyobaki yalipopoa, sahani ikajaa. Vichungu vitupu.

Nikachukua vijiwe vyako vya moto kwenye kiganja kimoja na vyangu kidogo kwenye kingine, nikatoka nje kwa Yoswa. Nikafungua viganja.

Alitazama. Halafu akatazama njia, ingawa hakuna aliyekuwa anapita. Mzee yule, mvi mpaka masikioni, aliinamisha kichwa kama amekutwa na embe la mtu. Akasema, "Alikuwa ananituma mimi."

Kumbe kila ukikaribia kupika, unamtuma mwanao dukani Kibondo, na yeye anarudi na chumvi ya Uvinza ndani ya koti, anakupitishia nyuma ya nyumba. Mume wangu! Analala kitanda kimoja na mimi, anasema chumvi yangu haijafika, na koti lake linanuka chumvi! Nilimwuliza tangu lini. Akasema zamani ulikuwa unapika mafunjo matupu, na ilikuwa chungu vilevile kama yangu, na watu wote waliila hawakufa. Ulianza kutia ya dukani mwaka ule nilioingia mimi.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema ulimwambia hivi, na neno lako nalinukuu kama alivyonipa: "Huyu ananishinda kulima, ananishinda kupika. Akinishinda na chumvi, mimi nitakuwa wa nini humu ndani?"

Mabukwe.

Nilimnyima chai siku mbili, hiyo ujue. Siku ya tatu nilimpa, lakini bila sukari. Ila wewe sijui nikunyime nini. Nimekaa na hilo neno lako, nimeligeuza huku na huku. Wa nini humu ndani! Mimi nilikuja sina mama. Mama yangu tulimzika njiani, hata mahali penyewe siwezi kupaonyesha. Kikohozi kile, nani aliyenichemshia majani usiku hadi kikaisha? Mimba ya kwanza ilipoharibika, nani alinifunga tumbo, akawafukuza wanawake mlangoni wasinione? Ulidhani nilikuhitaji kwa chumvi? Ungeniuliza. Ulikuwa na mdomo wa kuuliza kila kitu, hicho ukashindwa.

Na sasa mwenzangu ngoja nikuambie aibu yangu, maana nimekusema yako. Leokadia alipoolewa hapa aliniomba nimfundishe chumvi. Aliniomba vizuri, amepiga magoti. Nilishika mkono wake, nikaugeuza kama wewe ulivyogeuza wangu, nikamwambia mzito, hutaweza. Sikuwa na pakiti ya kuficha. Nilichokuwa nacho ni uchungu wako tu, nikampa huo. Hakuniomba tena. Huo ukimya ninaoulalamikia, pengine niliutia mimi. Pengine hakuja nao kutoka Kitanga.

Vile vitatu vyako niliviweka, vijiwe kwenye karatasi mbili na yale maji ya kuteleza kwenye kichupa. Yunia alivipeleka, mwalimu akavipanga mezani, darasa zima likapita kuangalia, akarudi navyo. Nimejaribu kuvirudisha kuwa bonge moja. Nimetia vyote katika maji, nikakausha polepole. Limekaa bonge, lakini dogo zaidi, maana mimi na ulimi wangu tumekula robo. Yunia anasema mchanganyiko ndivyo ulivyo, unaweza kuutenga na ukaurudisha, mradi hujamwaga. Nimelining'iniza pale pale.

Na nitakuambia jambo jingine kwa sababu sisi si watu wa kudanganyana tena. Ile yako ni tamu kuliko yangu. Yangu ni ya mafunjo tu, ndiyo, lakini yako ni tamu. Uchungu kidogo, na ile ya Uvinza inaushika mkono. Ulijua kupima. Huo ulikuwa mkono kweli, wala hukuwa na haja ya kuuficha nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo naahidi. Nitapika mafunjo kama ulivyonifundisha, na nitatia chumvi ya dukani ambavyo hukunifundisha, lakini nitaitia mchana kweupe, pakiti juu ya meza, na atakayeuliza ataambiwa kuna nini na nini humo. Jina litabaki lako. Sijakusamehe yote. Nimekusamehe ya Uvinza. Ile ya kutema mbele ya wanawake bado naifikiria. Lala, Mabukwe. Nikija huko tutaimaliza, na uniandalie mahali pa kukaa karibu na moto.

Macho yangu hayawezi tena kufuata mistari mingi, na Yoswa haaminiki. Kwa hiyo barua hii nampa Leokadia aje kukusomea hapo ulipolala, na hajui kilichomo mpaka ayafikie maneno yenyewe.

Leokadia. Ukifika mstari huu, umesikia yote. Mkono wako si mzito, na haukuwahi kuwa mzito. Funga daftari, liweke mahali pakavu, uje bondeni na panga. Nimetangulia. Mafunjo ya upande wa juu yamekomaa, na safari hii wewe ndiye utakayechemsha.